Maduka ya varanda yanayotoweka, na mpangaji aliye ndani

Mfanyabiashara anayetoka Mubuku na magunia ya mchele kwenda Mpondwe hupita Kasese akiwaza bei ya Kasindi tu. Maduka ya zamani ya njiani hayatazami, ingawa ndiyo yaliyojengwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Kasese ni mji wa reli. Njia kutoka Kampala ilifika mwaka 1956 kubeba shaba ya Kilembe, na wenye maduka, wengi wao Waasia, wakaja na mtindo uliokwisha zoeleka Jinja, Mbale na Fort Portal: varanda yenye nguzo, ukuta mfupi juu unaoficha mabati, duka mbele, stoo na makazi nyuma, kisha ua wa kushushia mizigo. Jinja bado utasoma mwaka wa ujenzi juu ya kuta hizo. Treni hazifiki tena Kasese.

Varanda ilikuwa na kazi yake. Ilikinga jua na mvua, fundi cherehani akaweka mashine hapo, mchuuzi asiye na duka akapata kivuli, na mteja aliyekimbia mvua akaishia kununua sabuni. Ghorofa nyingi za vioo zinazochukua nafasi yake hazina kivuli hata cha hatua moja. Huo nauita ujenzi wa kumfukuza mteja.

Uingereza, tangu sheria ya 1947, majengo ya kale ya katikati ya miji huorodheshwa. Kubomoa jengo lililoorodheshwa bila kibali ni kosa la jinai, hata kwa mwenyewe. Uganda ilipata sheria mpya ya makumbusho na kumbukumbu za kale mwaka 2023, lakini duka la kawaida la mji mdogo ni nadra kufikiriwa.

Kwetu kuna fundo jingine: hati. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Majengo yao yakawekwa chini ya bodi ya serikali, na sheria ya 1982 ikafungua njia ya kuwarudishia. Baadhi yana mizozo hadi leo. Kwa hiyo, kabla ya kulipa kodi ya pango ya mwaka mzima kwa duka lenye varanda nzuri, omba kuona hati na uikague ofisi ya ardhi. Tingatinga likija, risiti ya dalali hailizuii.