Maganda ya limau hayaifanyi pombe kuwa salama

Mama mmoja wa Kalemela, huku kwetu Simiyu, alimleta mwanawe kliniki, kisha akaniuliza: “Daktari, nikitia maganda ya limau kwenye pombe ya mtama, si yanaua sumu?”

Jibu ni hapana. Ganda la nje la limau au chungwa lina mafuta yanayoleta harufu na ladha nzuri. Ukilikwangua juu juu, bila ile nyama nyeupe iliyo chungu, pombe itanukia. Lakini kileo kinabaki kilekile.

Hatari ya kwanza iko kwenye nafaka. Mtama au mahindi yaliyoota ukungu huweza kuwa na sumukuvu. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha, wala kwa limau. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Nafaka yenye ukungu itupwe, isigeuzwe kimea.

Ya pili ni chombo. Huku tunalima pamba, na madumu ya viuatilifu yamejaa majumbani. Usiyatumie kwa pombe, togwa wala maji, hata ukiyaosha mara kumi. Epuka pia ndoo za bati, kwa sababu uchachu hulegeza madini yake yakaingia kwenye kinywaji. Maganda nayo yaoshwe vizuri, kwani matunda hupuliziwa dawa shambani.

Ya tatu ndiyo inayonitia hofu zaidi. Pombe inayonukia chungwa, mtoto huidhania juisi. Kileo hushusha sukari ya mtoto haraka; anaweza kulegea, kupata degedege, hata kufa. Akinywa na bado ana fahamu na anaweza kumeza, mpe maji yenye sukari kidogo kidogo. Usimtapishe. Kama amelegea sana au hana fahamu, usimpe kitu mdomoni, mlaze ubavu. Kwa vyovyote, mkimbize kituo cha afya mara moja.

Mjamzito asinywe kabisa. Anayetumia dawa za kifua kikuu naye aache, maana ini lake tayari lina kazi kubwa.

Mzazi, kama unapika pombe, funika chungu na kiweke mbali na watoto. Usiihifadhi kwenye chupa za soda. Na hayo maganda ya limau? Yatie kwenye chai, familia nzima ifurahie harufu yake.