Toka ukuta wa udongo mpaka Paris: Jangarh Singh Shyam, mchoraji wa India

Mwaka wa 1989 kulikuwa maonyesho makubwa ya sanaa mu muji wa Paris, Magiciens de la Terre. Huku Kongo tunayakumbuka juu ya Chéri Samba na Bodys Isek Kingelez, kazi zao zilionyeshwa pale. Kulikuwa pia kijana wa India, Jangarh Singh Shyam. Miaka kumi mbele, alikuwa anachora ukuta wa nyumba ya udongo.

Jangarh ni mutu wa Patangarh, kijiji cha jimbo la Madhya Pradesh, katikati ya India. Ni wa Wapardhan, waimbaji wa kabila la Wagond. Zamani walizunguka na chombo cha nyuzi kinachoitwa bana, wakiimba habari za miungu na mababu, na familia za Wagond ziliwatunza. Familia zile zilipokosa uwezo, waimbaji wengi walienda kutafuta vibarua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mchoraji J. Swaminathan alikuwa anatayarisha Bharat Bhavan, nyumba ya sanaa iliyofunguliwa Bhopal mwaka wa 1982. Alituma watu mu vijiji, wakakuta ukuta ule. Nani amechora? Jangarh akaitwa Bhopal, akapewa karatasi na rangi za kiwanda. Miungu ambao wazee waliwaimba tu, yeye akawapa sura, kwa vitone vidogo vingi sana.

Swaminathan aliona hivi: mutu wa kijiji mwenye kuchora leo ni musanii wa leo. Kazi yake ikae chini ya paa moja na kazi za wale waliosoma, na jina lake liandikwe. Si jambo dogo. Mara ngapi kazi kama ile inaandikwa jina la kabila tu, kama vile kabila njo lilikamata burashi?

Kwa upande wa sanamu, Meera Mukherjee alifanya safari ya kinyume. Alisoma Ujerumani, kisha akaenda Bastar kujifunza kwa mafundi wa shaba. Sura inatengenezwa kwa nta, inafunikwa udongo, inapashwa moto. Nta inatoka, shaba iliyoyeyuka inaingia fasi yake.

Jangarh alijiua mwaka wa 2001 kule Japani, alikokuwa amealikwa kuchora. Wasanii wa India walipaza sauti, wakauliza alikuwa anaishi na kulipwa namna gani kule.

Kazi haikufa. Bhajju Shyam, wa kijiji kilekile, alijifunza kwake. Alipoenda London kuchora kuta za restora, aliona muji kwa macho ya Mugond, na michoro ile ikatoka mu kitabu mwaka wa 2004. Treni ya chini ya udongo ni nyungunyungu. Basi namba 30, yenye kumufikisha bila kukosa, ni imbwa. Na saa ya Big Ben? Jogoo, juu kwao jogoo njo anajulisha saa.