Nyuzinyuzi za Nguo Katika Uchunguzi wa Jinai

Nyuzinyuzi za nguo ni miongoni mwa vielelezo vidogo kabisa vinavyochunguzwa katika kesi za jinai. Watu wawili wanapokamatana, au mtu anapoketi kwenye kiti cha gari, nyuzinyuzi huhama kutoka kitambaa kimoja hadi kingine. Wazo kwamba kila mgusano huacha alama linahusishwa na Mfaransa Edmond Locard, aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910.

Nyuzinyuzi nyingi hudondoka ndani ya saa chache, hivyo wapelelezi huwahi kuziokota kwa utepe wa gundi au kibanio. Maabara huanza na hadubini: pamba huonekana kama utepe uliojisokota, na sufu ina magamba. Kisha hulinganishwa rangi, na nyuzinyuzi za viwandani hupimwa kwa miale ya infraredi ili kujua zimetengenezwa kwa nailoni, poliesta au akriliki.

Nchini Marekani, nyuzinyuzi za zulia zenye umbo la nadra zilichangia kumtia hatiani mshtakiwa wa mauaji Wayne Williams mjini Atlanta mwaka 1982. Hata hivyo, kufanana hakuthibitishi chanzo kimoja, kwa kuwa viwanda hutoa vitambaa vya aina moja kwa wingi. Pamba nyeupe, iliyoenea kila mahali, haina uzito mahakamani. Nyuzinyuzi adimu, zikipatikana za aina kadhaa kwa pamoja, huimarisha ushahidi.