Paa Lililokatwa: Hatari za Madirisha ya Juu Yanayowekwa Gerejini

Paa la gari dogo si kifuniko tu cha kuwakinga abiria na jua na mvua. Ni sehemu ya mwili wa gari inayobeba mzigo, kwa kuwa bati lake, ambalo kwa kawaida halifikii unene wa milimita 1, hushikamana na mbavu za chuma zinazopita chini yake kutoka upande hadi upande, nazo mbavu hizo huungana na nguzo zilizo kati ya milango na vioo, hata gari zima likawa kasha moja gumu lisilopondeka kwa urahisi linapogongwa au kubingiria. Mhandisi anayebuni gari lenye dirisha la paa, yaani kile kioo cha juu kinachoinuka au kuteleza ambacho Wakenya wengi hukiita sanrufu, hulipangia tundu hilo nafasi tangu kwenye michoro, akalizungushia fremu ya chuma na kuziongezea nguzo nguvu, kisha gari likajaribiwa likiwa na tundu hilo. Fundi anayelikata paa la gari lililokwisha kutoka kiwandani hana michoro hiyo, wala hakuna atakayelijaribu gari hilo baada ya kazi yake.

Hamu ya kuwa na dirisha la paa imeongezeka katika Kaunti ya Machakos kama ilivyoongezeka kwingineko nchini, na sababu zake hazihitaji kutafutwa mbali. Barabara kuu ya Mombasa hupita ndani ya kaunti hii kupitia Mlolongo na Athi River hadi Kyumbi, mahali ambapo njia ya kwenda mjini Machakos huchepuka, na katika misimu ya kampeni, kama ule uliotangulia uchaguzi wa Agosti 2022, wanasiasa huwahutubia watu kando ya barabara wakiwa wamesimama ndani ya magari makubwa, kiwiliwili kimetokeza juu ya paa. Misafara ya arusi nayo imeiga mtindo huo, na vijana hupiga video wakiwa wamejitokeza juu huku gari likienda. Magari mengi yanayonunuliwa nchini ni yale yaliyokwisha kutumika Japani, ambayo Kenya huyaruhusu kuingia ikiwa hayajapita miaka 8 tangu kutengenezwa, na yale yenye dirisha la paa la kiwandani huuzwa ghali kuliko wenzao. Anayemudu gari lisilo na dirisha hilo hushawishika kulikamilisha gerejini kwa bei nafuu.

Kazi yenyewe huchukua saa chache tu. Fundi hubandika karatasi ya kipimo juu ya paa, akachora mstari kuizunguka, akatoboa pembeni kwa drili, kisha akakata bati kwa msumeno wa umeme au, palipo na haraka, kwa grinda. Kitambaa cha dari hukatwa kwa kisu kutoka ndani. Fremu yenye kioo hushushwa kutoka juu ikiwa na mpira wa kuzuia maji, na pete nyingine ya plastiki au aluminiamu hukazwa kwa skrubu kutoka ndani, hivi kwamba bati la paa limebanwa katikati ya fremu na pete hiyo. Kioo cha aina iliyo rahisi zaidi hushikwa na bawaba mbili upande wa mbele na kishikio kimoja upande wa nyuma. Mwenye gari anapoondoka huona kazi safi, kwa sababu kila kitu kilichoharibiwa kimefichwa na pete ile.

Kilichofichwa ni kingo za bati tupu. Kiwanda hulipaka bati tabaka za kuzuia kutu kabla ya rangi, na msumeno huziondoa tabaka hizo kwenye ukingo wote wa tundu. Grinda huongeza madhara kwa sababu moto wake huunguza rangi hata sehemu ambazo hazikukatwa, na cheche zake hutua kwenye vioo na rangi ya jirani zikaacha vitone vya kutu. Fundi mwangalifu hulisugua bati hilo na kulipaka rangi ya msingi kabla ya kuweka fremu. Asiye mwangalifu huziba kwa silikoni ya dukani, na hapo huongeza tatizo juu ya tatizo, kwa kuwa aina za silikoni zenye harufu ya siki hutoa asidi zinapokauka, na asidi hiyo hula chuma kilekile kilichokusudiwa kulindwa.

Maji ndiyo hitilafu inayojitokeza kwanza. Dirisha la kiwandani halitegemei mpira pekee: chini ya kioo kuna trei inayopokea maji yanayopenya, na mirija midogo, kwa kawaida minne, huyateremsha maji hayo ndani ya nguzo hadi chini ya gari. Dirisha la gerejini mara nyingi halina trei wala mirija, kwa hiyo siku mpira unapopasuka maji huingia moja kwa moja kwenye dari. Machakos iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na karibu na ikweta, mahali ambapo jua huunguza mpira na gundi mwaka mzima, kisha mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba huja kuupima uimara wake. Wengi huliona tone kichwani kuwa kero ndogo. Ukweli ni kwamba maji hayo hufuata nyaya ndani ya nguzo hadi kwenye fyuzi na viungo vya umeme vilivyo chini ya zulia, vikiwemo vile vya mifuko ya hewa, ile mifuko inayofumuka wakati wa ajali ili kuukinga mwili.

Mifuko ya hewa inastahili tahadhari ya peke yake. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana mifuko ya pazia iliyokunjwa ndani ya kingo za dari, juu ya milango, ambayo hufumuka kuelekea chini ili kuzuia vichwa visigonge vioo vya kando. Kisu kinachokata dari, skrubu inayopenya mahali pasipofaa au waya unaovutwa ili kupisha fremu huweza kuufanya mfuko huo usifumuke, na mwenye gari hatajua kasoro hiyo mpaka siku anapouhitaji.

Kioo nacho kina masharti yake. Kioo kinachofaa juu ya gari ni cha aina mojawapo kati ya mbili: kile kilichoimarishwa kwa joto, ambacho kikivunjika husambaratika kuwa chembe ndogo butu badala ya vipande virefu vyenye makali, na kile cha tabaka, ambacho ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati, hata kikipasuka hubaki mahali pake. Kioo kilichoimarishwa hakiwezi kutobolewa wala kukatwa baada ya kupitishwa kwenye joto. Matundu ya bawaba lazima yawe yametobolewa kabla. Kioo ambacho fundi amekipunguza au kukitoboa mwenyewe ili kitoshee basi si cha usalama, hata kama muuzaji anadai hivyo.

Hata kioo kizuri huweza kung'oka. Gari linapokwenda kasi, hewa inayopita juu ya paa hupungua mgandamizo, kwa hiyo kioo huvutwa kuelekea juu kwa nguvu inayozidi kadiri mwendo unavyozidi, na kwenye barabara ambayo gari dogo linaruhusiwa kwenda hadi kilomita 110 kwa saa, bawaba mbili na kishikio cha plastiki ni ulinzi mdogo sana. Kioo kinachong'oka hapo humwangukia anayekuja nyuma. Hata viwanda vikubwa havijasalimika na kasoro hii: mwaka 2020 Mercedes-Benz iliyaita kwa marekebisho magari takriban 745,000 nchini Marekani, yaliyotengenezwa kati ya 2001 na 2011, kwa sababu gundi inayoshika kioo cha paa huweza kuchakaa na kukiachia. Ikiwa gundi iliyowekwa kwa vipimo vya kiwanda huweza kushindwa, ile iliyopakwa kwa kidole chini ya mwembe, vumbi likiruka, haina sababu ya kuaminiwa.

Jambo zito kuliko yote, hata hivyo, ni nguvu ya paa lenyewe. Kanuni ya Marekani iliyotangazwa 2009 inalitaka paa la gari dogo lihimili mzigo wa mara 3 ya uzito wa gari hilo, badala ya mara 1.5 iliyokuwapo awali. Maana yake ni kwamba gari la kilo 1,300 linapaswa kuhimili karibu tani 4 juu yake kabla paa halijawashukia abiria. Fundi anayeukata ubavu wa katikati ili kupata nafasi ya kioo hujiondolea kikwazo cha kazi, lakini gari limepoteza boriti yake, na sanduku lililotolewa kifuniko hukunjika hata kwa mkono ilhali lililofungwa humstahimili mtu akilikalia. Gari likibingiria, paa hilo hushuka mapema zaidi. Tundu lenyewe nalo huwa njia ya kutokea: makadirio ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani yamewahi kuonyesha kuwa watu zaidi ya 200 kwa mwaka hufa nchini humo kwa kurushwa nje kupitia madirisha ya paa. Kanuni ya 2011 ya kuzuia abiria wasirushwe nje ilishughulikia madirisha ya kando, ikayaacha ya juu.

Anayesimama na kujitokeza juu ya paa amejiweka katika hatari hiyo kabla hata gari halijapinduka. Kilomita 40 kwa saa huonekana kuwa mwendo wa pole wa msafara wa arusi, lakini mwili unaokwenda kwa mwendo huo ukisimamishwa ghafla hupata pigo sawa na la kuanguka kutoka urefu wa takriban mita 6, na kinachoupokea mwili huo ni ukingo wa chuma ulio sawa na mbavu au tumbo. Mkanda wa usalama, ambao sheria ya Kenya inamtaka kila abiria aufunge, hauwezi kumshika aliyesimama. Watoto ndio wanaopewa nafasi hiyo mara nyingi, kwa furaha ya wazazi, na uchungu wa jambo hilo hauelezeki. Mota za madirisha ya bei rahisi huwazidishia watoto hatari nyingine, kwani nyingi hazina kifaa cha kukirudisha kioo nyuma kinapobana kitu, wakati mota nzuri hurudi kabla ya nguvu ya kubana kupita nyutoni 100, ambayo ni kama uzito wa kilo 10.

Kenya ina mafundi wanaojua kukata paa ipasavyo. Magari ya utalii yanayopita Athi River na kushika barabara ya Namanga kuelekea Amboseli huwa yamekatwa paa ili wageni wasimame na kutazama wanyama, na karakana nzuri zinazoyatengeneza huchomelea fremu ya mabomba ya mraba kuzunguka tundu lote, zikaifunga kwenye nguzo, kwa kutambua kwamba chuma kilichotolewa lazima kirudishwe kwa njia nyingine. Hata hivyo wageni hutakiwa kusimama ndani ya mbuga tu, gari likienda polepole, si barabarani.

Upungufu mkubwa uko katika ukaguzi. Mabasi na matatu yana kiwango cha KS 372 cha ujenzi wa bodi, na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) hukagua magari ya abiria na ya biashara kila mwaka. Gari la binafsi lililokatwa paa kwa kawaida halifikiwi na ukaguzi huo, na cheti cha usajili kinachotaja rangi, aina ya bodi, namba ya injini na ya chesisi hakina mahali pa kueleza kwamba paa limetobolewa. Mwenye gari asipoiarifu kampuni ya bima kuhusu badiliko hilo, kampuni inaweza kukataa kulipa fidia.

Anayenunua gari lililokwisha kutumika anaweza kujilinda kwa hatua chache. Aombe kuinua ukingo wa kitambaa cha dari, atazame kama mbavu zimekatwa na kama bati lina kutu. Amwagie paa maji kwa dakika kadhaa, kisha apapase zulia na kunusa harufu ya ukungu. Atafute alama ya kiwango iliyochapwa kwenye pembe ya kioo, na akiikosa asilinunue gari hilo. Mwenye gari ambalo halijakatwa aliache lilivyo. NTSA pamoja na Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) nao wanaombwa kuweka masharti ya kazi hii kwa maandishi, kuitaka kila gereji inayoifanya itoe cheti chenye jina la fundi, na kuliongeza paa katika mambo yanayokaguliwa kila gari la binafsi linapobadilisha mmiliki.