Jiko la Gesi Likikataa Kuwaka

Siku hizi si ajabu kikundi cha huku Kericho au Bomet kuwa na jiko la gesi la kupikia chai ya mkutano au ya harusi, likiwekwa pamoja na sufuria na viti vya kukodisha. Jiko likizeeka, kiwashio ndicho husumbua. Unazungusha swichi, tak, tak, tak, moto hakuna.

Hapo ndipo penye hatari. Kila ukizungusha, gesi inatoka. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, haipandi kama moshi. Inashuka na kutulia sakafuni na chini ya meza. Cheche ikishika mara ya kumi, yote inawaka kwa pamoja. Mimi mwenyewe nilipoteza nyusi hivyo, asubuhi moja ya baridi, madirisha yote yamefungwa. Nilikuwa na bahati. Kwa hivyo ukijaribu mara mbili na moto usishike, funga gesi, fungua mlango na madirisha, ungoje harufu iishe kabisa. Stima usiiwashe wala usiizime wakati huo, maana hata swichi ya ukutani hutoa cheche.

Kiwashio cha zamani hakina maajabu. Ndani kuna kijiwe na nyundo ndogo ya springi. Ile "tak" ni nyundo ikigonga kijiwe, na hapo unatoka umeme wa maelfu ya volti, ingawa ni kidogo sana. Unapita kwenye waya hadi ncha ya chuma kando ya kichwa cha jiko, kisha unaruka pengo la milimita chache. Majiko mengine hutumia betri. Hayo badilisheni betri kwanza.

Kabla mweka hazina hajatoa pesa ya spea, angalieni ile ncha. Chai yetu ni ya maziwa, na maziwa hufurika! Yakikaukia pale, cheche hupotea. Funga mtungi, toa regyuleta, acha jiko lipoe, halafu sugua ncha kwa mswaki mkavu. Kama ule udongo mweupe unaoishika umepasuka, kusugua hakutasaidia. Angalia pia kama waya umechomoka chini. Jaribuni gizani, mtungi ukiwa bado umefungwa: cheche ya buluu ikionekana, kiwashio ni kizima.

Isipoonekana, kiwashio kibadilishwe. Kama ni kile cha kubonyeza, chenye nati yake peke yake, mtu mwangalifu anaweza: chomoa waya, fungua nati, na ubebe kile cha zamani mpaka dukani ukilinganishe, kwa sababu vinafanana lakini havitoshani. Lakini kama kimeunganishwa na koki ya gesi yenyewe, mwachieni fundi. Pesa yake si hasara.

Mkirudisha mtungi, pakeni maji ya sabuni kwenye maungio yote ya paipu. Mapovu yakitokea, fungeni tena, hakuna kupika. Msitafute uvujaji kwa kiberiti, hata kama jirani hufanya hivyo kila siku.

Na wakati mnangoja spea, jiko bado linatumika. Washa kiberiti kwanza, kisogeze kwenye kichwa cha jiko, ndipo ufungue gesi polepole.