Kisu cha kukunja cha zamani: kipendezeshe, lakini usiue makali

Vijana wa Handeni na Korogwe, wengi mnafufua visu vya kukunja vya wazee: mpini mpya, chuma king'ae. Hata mimi napenda kazi hiyo. Ila kama kisu hicho ndicho utakachobebeshea michungwa, zingatia haya.

Kutu. Paka mafuta, kiache kilowe, kisha sugua kwa msasa laini. Usikimbilie grainda. Chuma kikipata moto hadi kuwa bluu, hapo kimeshalainika. Utanoa leo, kesho kimekuwa butu. Kama lazima utumie mashine, chovya kwenye maji kila mara.

Mpini. Omba vipande vya mpingo au mninga kwa seremala, viwe vikavu kabisa. Mti mbichi hunywea, ribiti zikalegea. Mpingo wa porini usikatwe bila kibali cha TFS. Vanishi nene achana nayo, mkono wenye jasho utateleza.

Makali. Malizia kwenye jiwe laini lenye maji. Jaribu kwenye karatasi: ikatike, isichanike. Kisu butu huchubua jicho la mchungwa, nalo halishiki kwenye mche wa limau.

Usafi. Futa kwa spiriti kila unapohamia mti mwingine, maana kisu hubeba magonjwa. Jioni kausha, tia tone la mafuta kwenye bawaba.

Urembo ni wako, sawa. Lakini mteja wa miche hanunui mpini, ananunua jicho lililoshika.