Chai ya Maziwa na Damu ya Mtoto

Mtoto wa Skuta, hapa Nyeri, anaweza kujaa mashavu, uzito wake ukapanda vizuri kwenye kitabu cha kliniki, na bado akawa na upungufu wa damu. Wazazi hushangaa wakiambiwa hivyo, na wengine huona kama wametukanwa. Nawaelewa. Maziwa hutoka kwa jirani, waru na nduma hutoka shambani, soko la Karatina halipo mbali. Njaa itoke wapi?

Kule kando ya Ziwa Victoria au Pwani, daktari akiona viganja vya mtoto vimepauka hushuku malaria kwanza. Nyeri ni baridi na malaria ni nadra, kwa hiyo mimi huanza na kikombe. Mtoto anakunywa nini asubuhi? Saa nne je? Na jioni? Mara nyingi jibu ni chai ya maziwa na mkate uliolowekwa humo, kisha maziwa ya ng'ombe kabla ya kulala.

Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni huzaliwa na akiba ya madini ya chuma, nayo humtosha kwa miezi 6 hivi. Baada ya hapo mahitaji hupanda ghafla. Kwa viwango vya Marekani, mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji miligramu 11 za chuma kwa siku, ilhali babake anahitaji 8 tu. Maziwa ya mama aendelee kuyanyonya hadi miaka 2 na zaidi, lakini chuma chake ni kidogo na lazima chakula kisaidie. Maziwa ya ng'ombe nayo, lita nzima haifikishi hata miligramu 1. Kalsiamu yake huzuia chuma cha vyakula vingine, na kwa mtoto ambaye hajafikisha mwaka yanaweza kumtoa damu kidogo kidogo matumboni bila mtu kuona. Chai huongeza madhara, kwa kuwa tanini yake hukishika chuma cha maharagwe na mboga kabla mwili haujakipata. Nasema haya nikijua kwamba majani chai ndiyo yaliyolipa karo za watu wengi Othaya na Tetu. Wakubwa wanywe chai.

Kinachoniumiza zaidi ni ubongo. Daktari Betsy Lozoff na wenzake waliwafuatilia watoto wa Costa Rica waliokosa chuma kwa muda mrefu wakiwa wachanga. Walipofika umri wa miaka 19, wengi wao wakiwa walishatibiwa upungufu wa damu zamani, bado walikuwa nyuma ya wenzao katika vipimo vya akili.

Wapo wanaotafuta dawa kwenye uji: mahindi, wimbi, soya, njugu na omena, vyote vikasagwa pamoja. Siupendi mtindo huo. Tumbo la mtoto wa kilo 8 hubeba kama robo lita, na uji mwepesi hulijaza kwa maji. Tena njugu au mahindi yaliyoota kuvu huleta sumu ya aflatoksini, ile iliyoua watu 125 mwaka 2004, hasa Ukambani. Omena ni nzuri sana, ila ipikwe ilainike, isagwe na iliwe kama mboga.

Mukimo tunao tayari. Uwe na maharagwe au minji ya kutosha badala ya waru tupu, upondwe laini, uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko. Ongeza nyama ya kusaga au yai, na ini la kuku kidogo mara moja kwa wiki. Tunda damu au pera baada ya mlo husaidia chuma cha mboga kuingia mwilini. Mtoto akipita mwaka, vikombe viwili vya maziwa kwa siku vinatosha.

Kwa kuwa mama wengi hushinda kazini mjini, naomba shosho aje kliniki pia. Yeye ndiye anayelisha, na akielewa, nyumba nzima hubadilika.

Kipimo cha damu kikisoma chini ya gramu 10.5 kwa desilita kwa mtoto wa miezi 6 hadi 23, tunaanza dawa ya maji ya chuma, kwa kawaida miezi 3, hata kama mtoto amechangamka mapema. Choo kitakuwa cheusi, msiogope. Lakini chupa ifungiwe mbali na watoto, maana mtoto akiinywa yote inaweza kumuua.